Mwambieni mgonjwa wa Lamu uvimbe wa ini lake ni wa aina gani kabla hajapanda boti (barua ya wazi)

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Lamu, kwa waziri wa afya wa kaunti na afisa mkuu wake, kwa wizara kule Afya House Nairobi, na kwa SHA, mamlaka ya bima ya afya. Wenzenu wa Kilifi nawatia humu pia, manake hospitali ya Malindi iko njiani na wagonjwa wetu wengi wanaishia hapo kabla hawajafika Mombasa.

Assalam aleikum waheshimiwa.

Kazi yangu mimi ni kupiga ultrasaundi. Nimeifanya huku Lamu miaka mingi, na barua hii siiandiki kwa niaba ya hospitali yoyote wala chama chochote, naiandika kwa sababu kuna maneno nimechoka kuyaweka kwenye ripoti za watu. Maneno yenyewe ni haya: kuna uvimbe kwenye ini, aina yake haijajulikana, afanyiwe CT skani ya kuchomwa dawa. Basi. Mtu anaikunja ile karatasi anaitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kitambulisho, na kuanzia hapo nyumba nzima hailali.

Niwaeleze kwanza kwa nini tunaandika hivyo, manake huenda mkadhani ni uvivu wa wapigaji. Ultrasaundi ya kawaida inaona uvimbe vizuri tu, inaona ukubwa wake, inaona uko upande gani wa ini, na kama ndani ni maji matupu tunajua palepale kwamba ni sisti na mtu anaenda zake. Tabu inaanza uvimbe ukiwa mgumu. Hapo tunaona kijivu ndani ya kijivu. Mara nyingi kwa mtu mwenye afya yake ni hemanjioma tu, yaani mishipa midogo ya damu iliyojikusanya pamoja, na huo ndo uvimbe usio na madhara unaoonekana zaidi kuliko yote kwenye ini, watu wanaishi nao mpaka wanazeeka. Lakini kwa mtu mwenye hepatitisi B au ini lililokwisha kukakamaa, kile kile kijivu cha sentimita mbili kinaweza kuwa kansa inaanza. Kwenye skrini yangu vinaweza kufanana kabisa. Siwezi kumwambia mtu "nenda nyumbani" na siwezi kumwambia "ni kansa", nabaki kuandika yale maneno.

Sasa kuna kipimo, ultrasaundi ya kontrasti, yaani ya kuchomwa dawa ya viputo, kinachotenganisha viwili hivi kwenye kitanda hicho hicho, kwa kutumia ultrasaundi hiyo hiyo, na kuangalia kwenyewe ni kama dakika tano. Si kipimo kipya. Mwaka 1968 kule Rochester, New York, Gramiak na Shah waliandika kwamba viputo vidogo vya hewa vikiingia kwenye damu vinang'aa kwenye ultrasaundi ya moyo. Dawa inayotumika sana kwa ini siku hizi, SonoVue, ilikubaliwa Ulaya mwaka 2001. Uingereza taasisi yao ya NICE ilipendekeza itumike kwa uvimbe wa ini mwaka 2012, na Marekani FDA, wadhibiti wao wa dawa, wakaikubali kwa ini mwaka 2016, watu wazima na watoto, huko inaitwa Lumason. Mwaka 2012 huo huo shirikisho la dunia la ultrasaundi, WFUMB, na wenzao wa Ulaya walitoa muongozo wa ini, wakaufanyia upya 2020. Kwa hivyo sitaki mtu aniambie tunaomba kitu cha majaribio.

Namna inavyofanya kazi naomba muisome polepole, manake mkiielewa hii mengine yote yatakuwa rahisi. Dawa ni unga, miligramu 25 kwenye kichupa, unachanganywa na mililita 5 za maji ya chumvi, unatikiswa, na inatoka kama maziwa mepesi iliyojaa viputo vya gesi vilivyovishwa ganda jembamba la mafuta. Kila kiputo ni kidogo kuliko chembe nyekundu ya damu, kwa hivyo kinapita kila mahali damu inapopita mpaka kwenye mishipa myembamba kabisa, lakini hakitoki nje ya mshipa. Hii ni tofauti kubwa na dawa ya CT, ile inavuja nje ya mishipa na kuingia kwenye nyama. Viputo vinabaki ndani ya damu tu, kwa hivyo ukiviangalia unaangalia damu yenyewe inavyoingia na kutoka kwenye ule uvimbe, live, sio picha tatu zilizopigwa kwa kukisia muda. Mashini inawekwa nguvu ndogo ili isivipasue, halafu mgonjwa anachomwa mililita mbili na kitu kwenye kanula ya mkono, yanafuata maji ya chumvi kuisukuma, na saa inaanza kuhesabu.

Ini lina njia mbili za kupata damu. Ateri inaleta kama robo hivi, na mshipa mkubwa wa potali unaotoka matumboni unaleta zile robo tatu zilizobaki. Ateri inatangulia, kuanzia kama sekunde 10 mpaka 20 viputo vinaonekana, halafu kuanzia sekunde 30 na kitu potali inashika mpaka dakika 2, na baada ya hapo ni kungoja viputo viishe, dakika 4 mpaka 6. Na siri yote iko hapa: nyama ya ini iliyo salama inakula kwa njia zote mbili, lakini kansa inalishwa na ateri zaidi, ile njia ya potali haina au imeivuruga. Kwa hivyo kansa inaangaza mapema halafu inafifia wakati ini lote jirani bado linang'aa. Uvimbe usio na madhara kwa kawaida unabaki na mwanga wake mpaka mwisho.

Hemanjioma ukiiona mara moja huisahau. Inawaka pembeni kwanza, vidoti vidoti kwenye ukingo, katikati peusi, halafu mwanga unasogea ndani kidogo kidogo dakika baada ya dakika mpaka unajaa na unakaa. Kuna uvimbe mwengine usio na madhara, huo tunauona zaidi kwa kina mama, unaanza kuwaka katikati na kutawanyika nje kama spoku za gurudumu la baiskeli, kwa sekunde chache tu, CT inaweza kuikosa hiyo hatua lakini hapa unaiona kwa macho. Mafuta yaliyokusanyika sehemu moja ya ini, ambayo yamewatisha watu wengi bure, yanang'aa sawasawa na ini lote. Jipu linawaka ukuta wake na ndani hakuna kitu. Upande wa pili, kansa iliyoanzia kwenye ini lenyewe inawaka kwa nguvu kwenye ateri halafu inafifia taratibu, kwa kawaida baada ya dakika moja kupita. Kansa iliyotoka kwengine, kwenye titi, utumbo au kongosho, inafifia haraka, kabla ya sekunde 60, na inabaki kama shimo jeusi katikati ya ini linalong'aa. Mpigaji mwenye mafunzo anaangalia saa na anaangalia mwanga, na mara nyingi jibu liko wazi.

Na sio kwamba ni imani yangu tu. Wajerumani walifanya utafiti wa vituo vingi, wagonjwa 1,349, ukachapishwa 2008, na kipimo hiki kilipata jibu sahihi kwa asilimia 90.3. Upande wa usalama Waitaliano walikusanya vipimo 23,188 vya tumbo na kuchapisha 2006, wakapata matatizo makubwa mawili tu, na hakuna aliyekufa. Gesi yake inatoka kwa pumzi, zaidi ya asilimia 80 ishatoka ndani ya dakika 2 na karibu yote ndani ya robo saa. Haipiti kwenye figo kabisa. Nawaomba mfikirie hilo kwa watu wetu wa pwani, mzee ana sukari, ana presha, figo zake zishaanza kulalamika, anafika Mombasa baada ya safari ya siku nzima anaambiwa kriatini, kile kipimo cha damu cha figo, iko juu hawezi kuchomwa dawa ya CT, arudi kwanza kwa daktari wa figo. Mtu kama huyu kipimo cha viputo kingemfaa tangu mwanzo. Halafu hakuna mionzi. Halafu, na hili nalisema kwa ajili ya watu wa stoo, kichupa hakihitaji friji, kinakaa kwenye shelfu, stima ikipotea haiharibiki.

Mipaka yake naisema pia ili msije mkaambiwa na mtu mwengine mkadhani nimeficha. Mtu mnene sana, au utumbo wenye gesi nyingi, au uvimbe uliojificha juu kabisa chini ya mbavu, hapo hatuoni vizuri na hiyo dawa haitusaidii. Kila sindano unaangalia uvimbe mmoja vizuri, sio ini zima. Kansa ya njia za nyongo ndani ya ini inaweza kujifanya kama kansa ya ini yenyewe. Mwenye aleji ya makrogoli, kemikali iliyomo kwenye dawa hii, asipewe, mwenye shida kubwa ya moyo au mapafu daktari amuangalie kwanza, na lazima adrenalini na vifaa vya dharura viwe karibu na kitanda. Na mtu akishaonekana ana kansa bado atahitaji CT au MRI kujua imeenea wapi kabla ya upasuaji. Kwa hivyo siombi CT ifutwe. Naomba tuweze kuamua hapa hapa nani aende Mombasa haraka na nani arudi nyumbani kwake Pate akaendelee na uvuvi.

Manake saa hii wote wanaenda, au wote hawaendi.

Nimekuja kumjua mzee mmoja mvuvi, upande wa Kizingitini, alipigwa ultrasaundi mahali kwa sababu ya maumivu ya tumbo ambayo mwishowe yalikuwa ni vidonda vya tumbo. Wakaona uvimbe kwenye ini. Aliyempa ripoti akamwambia mwanawe pembeni kwamba inafanana na kansa. Nyinyi mnajua habari kama hiyo inavyotembea kisiwani, kufika alasiri mji mzima ushajua. Majirani wakaanza kuja kumtazama, kina mama wakimlilia mkewe jikoni, watu wakasoma Yasin. Yule mzee akaita wanawe akaandika wasia, akaomba radhi watu aliogombana nao miaka. Sehemu yake kwenye jahazi ikauzwa kwa bei ya haraka kwa ndugu, nyavu pia. Safari yenyewe ilingoja mpaka pesa ziwe zimetosha: boti mpaka Mokowe, basi la alfajiri, njia ya Witu na Garsen na vizuizi vyake vya usalama, pa kulala Mombasa yeye na mwanawe, halafu foleni ya CT na foleni ya kusomewa. Jibu likatoka hemanjioma. Walifurahi, alhamdulilahi, sote tulifurahi. Lakini jahazi halikurudi. Na ule uvimbe nilipokuja kuuona mwenyewe baadaye ulikuwa upande wa kulia, karibu na ngozi, unaonekana safi kabisa, aina ile ambayo viputo vingeutaja kwa dakika tano.

Wa pili ni mama mmoja, huyu yeye alikuwa na hepatitisi B na alikuwa anajua. Aliambiwa hayo hayo, uvimbe mdogo, aende CT. Hakwenda. Ana watoto wadogo, mume yuko baharini, na karatasi haikumwambia kwamba yeye si sawa na yule mzee, haikumwambia kwamba kwake yeye kungoja ni hatari. Aliporudi tumbo lilikuwa limejaa maji. Kwa uvimbe mdogo madaktari wana la kufanya, wanaukata au wanauchoma kwa sindano ya joto. Kwa ule wake ulioachwa ukakua waliweza kumpunguzia maumivu tu. Allah amrehemu.

Kina mama na kina baba kama huyu ni wengi, na sababu yake inajulikana. Chanjo ya hepatitisi B ilitiwa kwenye chanjo za watoto Kenya mwishoni mwa 2001, kwa hivyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni, na hao ndo watu wazima wa leo. Ongezeni sumu kuvu ya mahindi, tunakumbuka 2004 kule Makueni, Kitui na jirani zao iliua watu 125 kwa mpigo, lakini ile inayoingia kidogo kidogo miaka mingi haiui kwa siku, inakwenda kwenye ini, na kwa mwenye hepatitisi B hatari ya kansa inazidi mara nyingi. Kwenye unyevu wa huku gunia la mahindi linavunda upesi. Muongozo wa kimataifa unasema mwenye ini lililokakamaa apigwe ultrasaundi kila miezi 6. Sawa, tupige. Lakini tukipata kitu tufanye nini nacho? Kama jibu ni karatasi ya kwenda Mombasa basi ule uchunguzi wa kila miezi 6 unazalisha woga tu, na mtu wa Kiunga hatarudi mara ya tatu.

Ninachoomba si jengo jipya na si ile mashini ya kukata utepe. Mwaka 2015 ulikuja ule mpango wa kukodi vifaa, hospitali mbili kila kaunti, na baadaye nchi nzima ikasikia kuna mashini zimekaa kwenye makaratasi kwa sababu hakuna mtu wa kuziendesha. Naomba safari hii muanze na mtu. Chagueni wapigaji wawili wa Lamu na wawili wa Malindi, na daktari mmoja kila upande, wapelekwe wakajifunze kwa mikono, sio semina ya hotelini ya siku mbili ya chai na cheti. Kampala pale Mengo kuna ECUREI, ni chuo cha ultrasaundi kwenye ukanda wetu, anzeni kwa kuwauliza. Wakirudi, vipimo vya mwanzo virekodiwe video na vitumwe kwa daktari wa radiolojia wa Mombasa asome kabla ya mgonjwa kuambiwa kitu, intaneti ipo, tunatumiana video za harusi kila wiki hatuwezi kushindwa na video ya ini.

Mashini: ikaguliwe iliyopo kabla ya kununua. Mashini nyingi za siku hizi zinaweza kuongezewa programu ya kontrasti na kidude chake cha kupimia tumbo, na hiyo ni gharama ndogo kuliko mashini nzima. Na mkiandika tenda ya mashini mpya, andikeni ndani yake kwamba iwe na kontrasti ya ini tayari, manake kuiongeza baadaye ndo tunaambiwa haimo kwenye mkataba.

Dawa: wizara na Bodi ya Dawa na Sumu wahakikishe imesajiliwa na ina njia ya kuingia nchini mara kwa mara, na KEMSA, wasambazaji wa dawa wa serikali, waiweke kwenye orodha ili hospitali ya kaunti iweze kuagiza vichupa vichache kila mwezi. Hatuhitaji maboksi.

SHA: nyinyi mlichukua kazi ya NHIF, ile bima ya zamani, Oktoba 2024 na mkatuambia mtalipia kipimo karibu na nyumbani kwa mtu. Basi kipimo hiki kiwe na jina lake na bei yake kwenye orodha yenu. Kama hakina jina hospitali haitakifanya, itamtuma mtu CT kwa sababu CT inalipika, na hapo mtakuwa mnalipa zaidi kwa jibu linalochelewa.

Kwa Mheshimiwa Gavana, mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa uwe kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Nauliza waziwazi: jambo hili litakuwemo au halitakuwemo? Kama halitakuwemo tuambiwe sababu, ni pesa au ni watu au ni kwamba hamjashawishika, kila moja ina majibu yake. Katiba kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya huduma ya afya ya kiwango cha juu kinachowezekana, na hiki kinawezekana, nimewaeleza namna.

Kamati ya afya ya bunge la kaunti wakiniita nitakuja na video za viputo, za hemanjioma na za kansa, tukae nusu saa muone wenyewe tofauti yake, na maswali yote nitayajibu pale pale. Jumatatu mpaka Alhamisi mchana nina nafasi.

Wenu,
Mpiga ultrasaundi, Langoni, Lamu